Munkoyo Yenye Ilikataa Kuchacha

Bamama, bapapa, bandugu ya shirika ya kanisa, ikaleni muzuri. Munanijua: miye Ngoie, mutoto ya ule mama mwenye kuuzaka munkoyo pa kona, hapa Katuba. Ule mwenye midomo, eeh, njo miye. Banasema mutu mwenye alipona aseme, ju mwenye angali mugonjwa apate nguvu. Bon, nitasema. Lakini ushuhuda yangu iko ya tumbo, na tumbo haina adabu. Mwenye angali anakula, aweke sahani chini kwanza.

Mbele ya ile maladi ya tumbo, kazi yangu ilikuwa kuchekesha bantu. Masomo, nilifika sixième primaire, darasa ya sita. Mwalimu hakulipwa, akaacha kukuya, na miye nikaacha kumungojea. Papa alikuwa mutumika ku kampuni ya shaba, sawa baba yake, mwenye alitokaka kule nord ya Katanga kukuya kujenga reli. Mushahara ikaanza kuchelewa, kiisha ikapotea kabisa sawa mbuzi ya kuibiwa. Papa alikuwa tu anaamuka asubuyi, anavaa casque yake, kofia nguvu ya kazi, anaikala pa mulango ya nyumba. Ukimuuliza, "Papa, unaenda wapi?" anajibu, "Niko ku kazi." Kazi yake ilikuwa kungojea kazi.

Njo Mama akashika nyumba na munkoyo. Munajua munkoyo bote, lakini kila mama eko na yake. Mama anapika uji ya unga ya mahindi, anaiacha ipoe mpaka unaweza kutia kidole bila kulia, anatia mizizi ya munkoyo yenye alitwanga. Kesho yake ule uji muzito inageuka mayi-mayi, tamu. Kesho kutwa inachacha, inakuuma ulimi muzuri. Na Mama eko na sheria moya: fût, ile pipa ya munkoyo, hatuioshake na savoni. Tunaisugua na mayi tu, na chini tunaacha munkoyo kidogo ya zamani, ju ifundishe ile mupya kazi. Siku moya nilipitisha savoni, nikijua naonyesha usafi. Mwiko yenye nilipigwa nayo, hata leo nikiona mwiko naikala chonjo.

Kiisha, pillage ikakuya. Basoda habakulipwa, bakajilipa. Bakavunja mamagasin, na shiye raia tukaingia nyuma yao kuokota yenye ilibakia. Bantu bakabeba mafrigo mu manyumba yenye haina courant ya umeme. Jirani yetu moya alibeba kiti ya dentiste, docteur ya meno. Njo anaikaliaka mpaka leo akikula bukari, ugali yetu, analala nyuma sawa chef. Depot ya dawa nayo ikavunjwa. Juma ile ingine, ku soko kulikuwa makapsule mu mabassin, pembeni ya nyanya na kapenta, banapima na kopo. Ile ya nyekundu na nyeusi njo ilikuwa vedette, nyota ya soko. Kichwa inauma? Nyekundu-na-nyeusi. Mugongo? Nyekundu-na-nyeusi. Kuku yako hatage mayai? Jaribu nyekundu-na-nyeusi.

Miye, jino ya nyuma ilinivimba, shavu ikakuwa sawa niliweka ndimu ndani. Nikakula makapsule. Shavu ikarudi. Nikasema, haa! Kikohozi ikanishika, nikakula tena. Kikohozi ikaisha, nikaendelea kukula ya kujikinga, mbili asubuyi, moya magaribi, siku ingine nilisahau nikarudilia. Nilikuwa naitafuna sawa karanga. Na hapana miye tu. Tuliikula bote mu quartier, mutaa muzima, ju lopitali ilikuwa imefungwa na kila mutu alijiita docteur ya nyumba yake.

Siku moya niko pa kona na bidon yangu ya munkoyo, tumbo ikanguruma sawa camion ya Kasenga yenye inapanda mulima na samaki. Nikaacha bidon, nikaacha bakiriya, nikakimbia. Nilifika ku cabinet, choo yetu, lakini nilifika muchelewa kidogo. Ile siku nilienda mara mingi mpaka nikaona heri nibebe kiti yangu kule. Mayi matupu, ya kijani-kijani, na harufu, mutanisamehe: nzi yenyewe ilikuwa inafikiri mbele ya kutua.

Nikafanya nini? Nikakula makapsule. Ndiyo, ile ile.

Mu ile wakati habari ya kolera ilianza kutembea mu quartier, na bantu bakaogopa munkoyo ya Mama. Bakiriya banapita mbali sawa tuko banamapepo. Munkoyo inabakia mu fût. Nyumba iko inakufa. Miye, na akili yangu ya sixième primaire, nikapata mpango. Nikafungua makapsule mukono muzima, nikatia unga yake yote mu fût yenye Mama alitoka kutayarisha, nikakoroga. Nilikuwa tayari na wimbo ya kuuzia: "Munkoyo ya docteur! Kunywa, pona! Kolera inakimbia!"

Kesho yake, munkoyo haikuchacha. Nikasema ni baridi. Siku yenye ilifwata, Mama akafunua mufuniko, akarudi nyuma sawa alipigwa kofi. Juu kulikuwa ute, inavutika sawa bamia, na harufu ya mayai mabovu. Papa, mwenye hakuaminiaka mutu, akaonja. Akatema mpaka ku ukuta, akatosha casque yake ku kichwa. Tulijua ni mambo kubwa.

"Nani alifanya nini mu fût yangu?" Mama akauliza.

Nikaangalia mbingu.

"Ngoie."

"Mama, nilitia dawa kidogo. Ju tududu tufe."

"Tududu gani?"

"Twa kolera, Mama."

Mama akasema pole-pole, na hakushika hata mwiko: "Mutoto, munkoyo haiozake yenyewe. Iko na benyewe ndani. Beko banaichachisha, na wakati beko, uchafu haipate nafasi ya kuingia. Weye umeua benyewe. Sasa angalia nani aliingia mu nyumba."

Akamwanga yote mu shimo. Akaenda kwa rafiki yake ya soko, mwenye yeye mwenyewe alimupa mbegu ya munkoyo zamani, akarudi na kopo ya munkoyo mukali, akaianza tena kutoka kule. Nilicheka siku ile. Shikujua kama tumbo yangu nayo iko fût.

Ju tumbo iliharibika zaidi. Mayi ikageuka ute na damu. Homa ikapanda. Shikuweza kukula, nikikunywa, inapita sawa nilikuwa mufereji. Nilikuwa na matako muzuri, bandugu, bashahidi beko hapa, yote ikaisha. Kikwembe, kitenge yangu, yenye nilikuwa nafunga mara moya nikaifunga mara tatu, na ilikuwa tu inaanguka. Mama alinivalisha bitambaa sawa mutoto muchanga. Nilijaribu kuchekesha, nikasema, "Mama, umezaa tena," lakini hakucheka. Akageuka kuangalia ukuta. Njo pale nilijua kama niko nakufa.

Papa akatosha kinga yake, baiskeli, ile ya kwendaka nayo ku kazi. Bakaniikalisha nyuma, Mama ananishika, Papa anasukuma, casque ku kichwa. Tulienda ku dispensaire moya ya bamasere, bale basista ya kanisa, kule pembeni ya Annexe, ju bantu balisema kungali mama docteur moya mwenye hakukimbia. Kweli tulimukuta. Mwembamba, blouse yake iko na viraka, na mbele yake kabati ya dawa yenye ilikuwa karibu tupu.

Alinifinya tumbo, nikapiga kelele. Akaangalia ulimi, akavuta ngozi ya mukono, ikabakia imesimama sawa hema. Akauliza, "Unakunywa dawa gani?"

Mama, na furaha, akatosha kikopo yetu yote ya makapsule. Tulifikiri atatusifu.

Mama docteur akaimwanga pa meza. Nyekundu-na-nyeusi ikatembea mpaka chini.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu jino," nikajibu.

"Jino iliisha?"

"Zamani."

Akashika kichwa yake. "Sikia, mutoto. Mu matumbo ya kila mutu kuko tududu twa mingi sana, hauwezi kuhesabu. Hapana tubaya. Kila moya iko na nafasi yake na chakula yake. Tunashindana twenyewe kwa twenyewe, na kwa vile tumejaza kila pahali, kadudu kabaya kakiingia, hakapate hata fasi ya kuikala, hakapate hata kijiko ya kukula. Kanapita tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ile kapsule haijue kuchagua. Iliua ya jino, muzuri, na iliua tule twa tumbo twenye hatukukufanya kintu. Sasa kuko kamoya kabaya kenye kanajua kuvaa koti nguvu na kulala. Kapsule inapita juu yake, hakafe. Siku kanaamuka, kanakuta quartier yote iko tupu: chakula yote yake, nafasi yote yake. Kanazaa, na kanatosha sumu. Njo ile damu unaona. Na weye, kila asubuyi, unakula tena kapsule ju ya kufukuza jirani mwenye anataka kurudi."

Miye nilikuwa ningali nafikiri juu ya ile koti. Mama njo alisema, sauti ndogo: "Docteur, hii njo sawa munkoyo yangu."

"Munkoyo gani?"

Mama akamuelezea mambo ya fût. Yote: unga ya kapsule, ute, mayai mabovu. Mama docteur akasikiliza mpaka mwisho, akacheka mara ya kwanza. "Mama, ni kitu moya. Huko mu fût, na huko mu mutoto yako."

Akatufundisha mayi ya chumvi na sukari, nikunywe kila nikitoka ku cabinet. Akafungua kabati, akatosha kasachet kadogo ka vidonge vyeupe. "Hii ni dawa ingine. Inafwata ule mwenye koti akiamuka. Bale bengine, mingi yao inabaacha. Utakunywa yote mpaka iishe, sawa vile naandika, kiisha unaacha. Na ile nyekundu-na-nyeusi, hata moya. Hata bakulilie, hata moya."

Akasema tena kitu yenye Mama alinifichaka mpaka nilipona: "Mama, amechelewa. Akikula tena ile, shitaweza kumurudisha."

Sasa angalia shetani vile anajua saa. Tunarudi ku nyumba, tunakuta Tonton Kalenga, ndugu mudogo ya Mama, mwenye anauzaka samaki ya Kasenga. Alisikia kama mwipwa wake anakufa, akaacha samaki kule barabarani, akapanda camion, akakuya. Na hakukuya mikono mitupu. Alikuwa na sanduku ya makapsule ingine, mukubwa sawa mbegu ya ndizi-pori, ya kijani na nyeupe, yenye alitafuta ku Zambia ngambo ya muto.

"Hii ni ya bazungu kabisa," akasema. "Ile ya soko haina nguvu. Mwipwa wangu, fungua kinywa."

"Hapana," Mama akasema. "Docteur anakataza."

"Docteur gani anakataza dawa? Yaya, dada yangu mukubwa, angalia mutoto! Amebakia meno na macho!"

"Anakataza ile. Ametupa yake."

"Tuvidonge hutu? Twa kuku?" Tonton akaanza kulia, mwanaume muzima, analia na hasira. "Yaya, akikufa nitasema mbele ya bantu bote kama ni weye ulikataa. Nitasema pa matanga."

Mama alishika sachet ya docteur na mikono mbili. Niliona. Ndani ya nyumba yetu hakuna mutu mwenye alinipenda kupita Tonton, na hakuna mwenye alijua mambo ya dawa, hata moya. Papa alikuwa anaangalia casque yake. Miye nililala pale, kiu inaniua, na nitasema kweli: nilitaka ile ya kijani. Ilikuwa inaonekana nguvu. Nikafungua kinywa.

Mama akaweka mukono yake juu ya kinywa yangu. Hivi. Akasema, "Kalenga, weye ni ndugu yangu, shikukatalie bule. Leta kapsule yako moya."

Akaleta makopo tatu, akaisugua na mayi ya moto. Akamwanga mu kila moya uji ya munkoyo, ile tamu yenye ilikuwa haijachacha, na kijiko ya munkoyo ya zamani. Ya kwanza, akaiacha vile. Ya pili, akafungua kapsule ya Tonton, akatia unga. Tonton, mwenye haiko mujinga, akasema: "Na ya docteur wako? Tia nayo! Ao unaogopa?"

Chini ya sachet kulikuwa unga ya kidonge moya yenye ilivunjika mu njia. Mama akaipangusa na kidole, akaitia mu kopo ya tatu. Akafunika yote, akaweka pembeni ya mbabula, jiko ya makala, pahali kunaikalaka joto.

"Sasa ikala," akasema. "Mutoto atakunywa ya docteur mpaka tuone. Kama ya docteur nayo inaua munkoyo yangu, utamupa yako, na shitasema kintu."

Bandugu, munaelewa? Mama aliweka maisha yangu mu makopo tatu. Hakulala muzuri, najua, ju kila nilifungua macho nilimukuta pale ananipa mayi ya chumvi na kijiko. Nilitapika, akaniosha, akanipa tena. Tonton alikuwa anapitapita sawa kuku mwenye anatafuta fasi ya kutaga.

Balifunua wakati munkoyo ilipaswa kuwa mukali. Niliomba banisogeze, ju ile kesi ilikuwa yangu.

Kopo ya kwanza: mukali, inatosha mapovu, harufu muzuri ya nyumbani. Kopo ya pili, ya kijani ya bazungu: imelala, haina povu hata moya, na juu kumeanza ute. Tonton akanusa, akafunga pua, akanusa tena sawa mutu mwenye anatafuta makosa ya mwenzake. Kopo ya tatu, ya tuvidonge twa kuku: Mama akaonja kidogo na ncha ya ulimi.

"Mukali," akasema.

"Leta," Tonton akasema. Akaonja. Akaonja tena.

"Kalenga, hiyo iko na dawa, hapana ya kukunywa yote!"

"Ninahakikisha, Yaya."

Kiisha akakunja sanduku yake, akaitia mu mufuko. Akapiga magoti pembeni ya mukeka yangu, akasema: "Mwipwa, kunywa ya docteur. Miye nitakushikilia kopo." Na alinishikilia, yeye mwenye mikono yake inanukaka samaki, mpaka vidonge vikaisha. Sikiliza muzuri: Mama hakuonyesha kama munkoyo ni dawa. Miye nilimuuliza docteur nyuma, akasema hajue kama tule twa munkoyo tunaweza kuikala mu tumbo ya mutu. Lakini yenye Mama alionyesha, ni hii: dawa zote hazifanane, na kuna yenye inafukuza hata mwenye nyumba.

Homa ilishuka ya kwanza. Kiisha damu ikaisha. Kiisha safari ya cabinet ikapungua, nikaanza kusahau njia. Na asubuyi moya, mutanisamehe tena, nilienda kule, nikaikala, nikaangalia chini, na shikuamini. Nikapiga kelele: "Mama! Kuya uone!"

Mama akakimbia, akijua nimeanguka mu shimo. Akaangalia. Muzuri, imekamata, sawa ya mutu. Akapiga vigelegele! Pale pale, mu mulango ya cabinet, mikono juu. Bajirani bakatoka. Mama moya akauliza ngambo ya ukuta ya lupango, "Mumeolesha mutoto?" Ya pili: "Mumepata mushahara?"

"Hapana!" Mama akajibu, machozi inashuka. "Ngoie amekunya muzuri!"

Na bajirani nabo bakapiga vigelegele. Mu ile mwaka yenye hakuna mutu alikuwa na kintu ya kufurahia, quartier yetu ilicheza juu ya kinyesi yangu. Hata ule mwenye kiti ya dentiste alikuya.

Shitadanganya: ile maladi inapenda kurudi. Ilijaribu tena mara moya, kidogo. Lakini tulirudi mbio kwa mama docteur, hatukujifanya docteur shiye wenyewe, na haikufika kwa damu. Akaniambia tule tuzuri tunarudi pole-pole, na chakula na wakati, moya baada ya mwenzake, kila moya inatafuta nafasi yake, na siku quartier itajaa, ule mwenye koti hatapata tena mulango. Njo vile ilikuwa.

Aksanti kwa Mungu. Aksanti kwa mama docteur, mwenye alibakia wakati bote balikimbia. Aksanti kwa Papa, mwenye alisukuma kinga na hakuuliza ni mbali. Aksanti kwa Tonton, ju mapendo yake ilikuwa kweli hata wakati kapsule yake haikuwa. Mama, weye shiwezi kukushukuru hapa, nitalia na bantu batasema nimegeuka mupole.

Weye mwenye uko na mugonjwa ku nyumba, usikate tamaa hata akibakia meno na macho. Mupe mayi ya chumvi na sukari. Mubebe, hata na kinga. Dawa yenye docteur ametoa, kunywa yote, usiiache katikati ju umejisikia muzuri. Na dawa yenye hakutoa, hata ikuwe ya rangi gani, hata iletwe na mutu mwenye anakulilia, funga kinywa.

Nimemaliza. Sasa munipishe, ju Mama alinisongea bukari, na njala iko inanishika. Najua bote mu hii wakati tunalaani njala. Miye hapana. Kila ikinishika, nasema: karibu, njala, nilikungojea sana.